Chupa Nane za Mzee wa Sengerema

Wiki iliyopita nilikuwa natafuta gari la kununua. Muuzaji alikuwa ameshaanza kulalamika kwa bei niliyomtajia, ndipo fundi niliyekwenda naye akachomoa kijiti cha kupimia oili ya gia boksi, akakifuta kwa kitambaa, akanisogezea kitambaa puani. "Nusa mwenyewe, dada." Nikanusa. Oili iliyoungua ina harufu yake. Si moshi, si lami. Ni kama maharage yaliyoshika chini ya sufuria kwenye nyumba ambayo mtu amekoka moto kwa vipande vya tairi. Muuzaji akadhani nimepata sababu ya kushusha bei tena. Nilikuwa nimeipata kweli, lakini sikuitumia. Nilimrudishia funguo, nikaenda kukaa juu ya jiwe kando ya barabara, mtu mzima mwenye pochi na miwani, nikimuwaza mtu ambaye sikuwahi kumwona akiwa hai wala akiwa maiti.

Wa rika langu mnaikumbuka miaka ile. Sabuni ilikuwa imerudi madukani, na kazi zikawa zinaondoka. Baba alikuwa mtunza stoo wa shirika moja la umma. Siku moja akarudi nyumbani kwetu Pasiansi saa nne asubuhi, mkononi ana bahasha na kikombe chake cha chai cha ofisini. Kikombe ndicho kilichomwambia Mama. Mtu harudi na kikombe chake kama kesho anakwenda tena. Kiinua mgongo hakikutosha kujenga wala kufungua duka, ila Baba alipiga hesabu akaona kinaweza kununua gari moja kuukuu la kufanyia teksi, akimpata muuzaji mwenye haraka. Likifanya kazi, watoto wanasoma. Lisipofanya, wote tunarudi kijijini kulima pamba kwa shangazi. Alitutamkia hivyo hivyo bila kupamba, kama anayesoma orodha ya stoo.

Gari likapatikana Sengerema. Nilichukuliwa kwenye safari hiyo kwa sababu shule zilikuwa zimefungwa, na kwa sababu Baba aliamini mtoto akisimama karibu wakati wa kupatana, bei hulainika. Nilikuwa na miaka tisa au kumi, na tayari nilikuwa na tabia ambayo mpaka leo inanigombanisha na wauza nyanya: nahesabu kila kitu mara mbili. Kwenye kivuko nilihesabu ng'ombe kumi na moja, nikarudia, wakawa kumi na moja. Hapo ndipo moyo ulipotulia.

Mwenye gari alikuwa mjane, Mama Nkwimba, mwanamke mrefu asiye na maneno mengi. Mumewe alikuwa mkaguzi wa pamba, na hakuwa amezikwa muda mrefu. Matanga yalikuwa hayajaanuliwa. Sebuleni koti lake la kazi lilikuwa bado linaning'inia msumarini, na lilinuka. Lilinuka ile harufu niliyoisema. Baba alilizunguka gari, akagusa matairi, akaguna, akainama, akaguna tena, kisha akataja bei ya matusi ili wapate mahali pa kuanzia.

"Sawa, baba," mjane akasema.

Baba aliyumba kama mtu aliyekanyaga ngazi ambayo haipo. Alikuwa na maneno yake yote tayari, kilomita zake na kutu zake, na hakuna aliyeyahitaji. Wenye kununua na kuuza wanajua: bei ya kwanza ikikubaliwa, rudisha pesa mfukoni uondoke. Baba alijua kuliko wengi. Lakini alikuwa ameshaliona gari linawaka.

Sababu tuliipata tulipotoka, kwa mama mmoja muuza karanga njia panda, ambaye hakuuliza kama tunataka kuambiwa. Akatuambia mzee alifia humo. Alikuwa anarudi kutoka kwenye mizani ya pamba, moyo ukasimama, mguu ukateleza. Gari lingine lingezimika. Hili halina klachi. Mguu ukitoka kwenye pedali linaendelea kutembea lenyewe, polepole, kama mtu anayeswaga ng'ombe mmoja. Njia ya kwenda kwake ilikuwa na makorongo mawili ya matairi, aliyoyachimba mwenyewe kwa miaka ya kwenda na kurudi, na magurudumu yakayafuata. Watu walimsalimia njiani. Hakuitika. Wakasema tangu apate gari amekuwa na maringo. Likaingia uani kwake, likaegemeza pua kwenye ukuta wa jiko, na likaendelea kuusukuma ule ukuta, linanguruma, mpaka mtu akaja kuangalia.

"Limemleta mwenyewe nyumbani," akasema muuza karanga, akatuongezea karanga za bure, jambo lililonitia hofu zaidi.

Baba alininunulia soda. Akaniambia kwamba Mama ana moyo mwepesi, na kwamba habari za barabarani hubaki barabarani. Nikanywa soda. Kwa hiyo na mimi nikawa nimenunuliwa, tena kwa bei ya kwanza.

Pasiansi majirani walikuja kuinama mlangoni kuhesabu pedali. Mbili. Wakubwa walishangaa wakaenda zao. Mimi sikushangaa, kwa sababu nilishajua siri yake: gari halijiendeshi, linaendeshwa na mwenyewe, yule marehemu. Ushahidi nilikuwa nao. Baba akisogeza gia kwenda mbele, gari halikuondoka papo hapo. Lilikaa kimya. Nikiwa kiti cha nyuma nilihesabu: moja, mbili, tatu, nne. Kisha chini ya miguu yetu kukagonga, *du*, kama mtu aliyelala anayegongwa bega, na ndipo tukaondoka. Baba alisema linafikiri kwanza. Nami niliwaza, sawa, lakini nani anafikiri? Kila siku nne ikawa tano, tano ikawa sita. Mwenyewe alikuwa anazidi kuwa mzito kuamka, na harufu ya lile koti ilikuwa inapanda kutoka sakafuni.

Baba akamwita Fundi Misana, Mjita mwenye vidole vinene, aliyeiva kwenye malori ya pamba. Fundi alichomoa kijiti, akakinusa, akakunja uso. Akasema oili ya gia boksi imekufa, inapaswa kuwa nyekundu na hii ni nyeusi. Imwagwe, iwekwe mpya. Alikiri hajawahi kufungua gia boksi ya aina hiyo. "Lakini chuma ni chuma, mzee," alisema, na Baba akapatana naye mpaka ikawa nusu ya ujira na chakula cha mchana. Kazi ingefanyiwa hapo hapo uani, Jumamosi asubuhi.

Tatizo lilikuwa kipimo. Hakuna aliyejua gari lile linataka oili kiasi gani, na kitabu chake, kama kiliwahi kuwepo, kilikuwa cha Kijapani. Baba, mtu wa stoo, akaja na suluhisho: tutapima kinachotoka, na kile kile ndicho kitakachoingia. Akapanga chupa tupu za bia ukutani, zile za nusu lita, na kazi ya kuhesabu akanipa mimi. "Huyu hakosei," alimwambia Fundi. Ilikuwa sifa kubwa kuliko zote alizowahi kunipa, ndiyo maana naikumbuka kwa aibu.

Wakapandisha gari kwa jeki, wakaweka mawe. Fundi akaingia chini na spana, akalegeza bati la chini ya gia boksi upande mmoja, na oili ikaanza kushuka kwenye beseni. Ilikuwa nyeusi kama kahawa, lakini ilipokuwa nyembamba ukingoni mwa beseni nikaona wekundu wake, wekundu wa kidonda cha zamani. Harufu ikajaa uani kote. Mama alipita na ndoo, akaangalia, akauliza ni nani amechinja. Kisha Fundi akaliteremsha lile bati lenyewe, na ndani yake, chini kabisa, mlikuwa na matope laini ya kijivu. Alichovya kidole akanionyesha. Kwake ulikuwa unga wa chuma kilichosagika. Kwangu yalikuwa majivu. Harufu ya koti, damu nyeusi, majivu. Mtoto wa miaka tisa asingehitaji shahidi wa nne. Tulikuwa tunamtoa mzee.

Hata hivyo ningeweza kuvumilia kama Fundi asingeuliza nini kifanyike na oili chafu. Baba akamjibu bila hata kugeuka: ipakwe kwenye nguzo za uzio, mchwa wasisogee. Ni jambo la kawaida, kila nyumba ilifanya hivyo. Mimi nikaona uzio wetu mzima, nguzo ishirini na sita, umepakwa baba wa mtu.

Waliingia ndani kula. Nikabaki na chupa, oili chafu ikiwa imeshamiminwa ndani yake. Nilizihesabu mara mbili: nane, nane. Kisha nikachukua mbili, nikazifunga kwa magunzi ya mahindi, nikapanda nazo nyuma ya choo kwenye majabali, nikazisukuma ndani ya mwanya kati ya mawe mawili makubwa. Mijusi yenye vichwa vyekundu ilikuwa imekaa juu ya jiwe, inatikisa vichwa, juu chini, juu chini, kama inayohesabu pamoja nami. Sikuwa na mpango zaidi ya huo. Niliona tu si haki atoke wote. Waliporudi kutoka kula Baba akauliza ngapi, nikasema sita. Akauliza una hakika. Nikasema nimehesabu mara mbili.

Oili mpya ilikuwa nyekundu tupu, ya kung'aa, imeletwa kwenye dumu kutoka mjini. Ziliingia chupa sita. Fundi akapima kama alivyopima malori yote ya maisha yake: injini imezimwa, gari limetulia, kijiti kikachomolewa. "Limejaa mpaka linatapika," akasema. Baba akapangusa mikono. Gari likawashwa, likaingizwa gia, na likaondoka kabla sijafika mbili. Kila mtu akacheka isipokuwa mimi.

Jumatatu Baba alimpeleka Mama sokoni, nami nikiwa nyuma. Tulipokuwa tunarudi, kwenye ule mlima wetu wa mawe, injini ikalia. Ililia kwa nguvu zote, sauti ikipanda, na gari likasimama pale pale likilia, kama mtu anayepiga mayowe huku amekaa. Kisha likaanza kurudi nyuma. Si kwa haraka. Kwa mwendo ule ule wa kuswaga ng'ombe, kuelekea chini, ziwani. Baba alikanyaga breki likasimama. Akajaribu tena, likalia tena, likarudi tena. Mama alifungua mlango, akashuka na kapu lake la dagaa, akapanda mlima kwa miguu.

Vijana wakalisukuma gari mpaka uani. Fundi Misana akaingia chini yake, akatoka na mikono mikavu. Hakuna tone lililovuja. Akachomoa kijiti, injini imezimwa: limejaa. Akakaa juu ya tairi la akiba, akasema kwa sauti ya chini, kwa kuwa naye alikuwa na ndugu Sengerema, "Mzee, mwenyewe amekataa."

"Mwenyewe nani?" Mama akauliza. Alikuwa amesimama mlangoni.

Macho ya Baba yalinikimbilia mimi, na Mama akayafuata. Nikasema yote ya muuza karanga, hata karanga za bure. Sikusema ya chupa.

Mama hakupiga kelele. Alisema gari la maiti, lililouzwa kabla matanga hayajaanuliwa, halitalala uani kwake wiki ya pili. Lirudi lilikotoka na pesa irudi. Baba akatuma ujumbe kwa watu wa kivuko. Siku zile tatu za kungoja alikuwa anakwenda kulitazama gari kila asubuhi, mikono nyuma, kama mtu anayetazama shamba lililoliwa na nzige. Jioni alianza kuuliza nauli za kwenda kijijini. Nami nilikaa dirishani, nikiliangalia lile gari jeupe lisilo na mtu, na naapa kiti cha dereva kilikuwa kimebonyea.

Mama Nkwimba alifika peke yake, kwa miguu kutoka kituoni. Nikamwamkia, akaitikia marahaba akiwa ameshaligeukia gari. Alikataa kiti. Akawaambia wazazi wangu pesa ya kurudisha hana: imeshakuwa godoro, sare na ada ya Nkwimba, na Nkwimba yuko bweni. Mama akamwambia kwa upole, mwanamke kwa mwanamke, kwamba hatukatai shida yake, lakini kitu chenyewe kinakataa kwenda. Mume wake hajaridhika.

"Mume wangu alikuwa mtu wa kuridhika na ugali na maziwa," mjane akasema. "Nani alipima oili?"

Fundi akajitaja.

"Ulipima injini ikiwa inafanya nini?"

Fundi akasema imezimwa, kwani inapimwaje. Mama Nkwimba akatikisa kichwa. Marehemu alikuwa anapima linanguruma, alisema, kila Jumapili; yeye ndiye aliyekuwa anamshikia kitambaa. Likizimwa oili yote inashuka chini na kijiti kinakudanganya. Akamtaka Baba awashe. Likanguruma, akavuta kijiti kwa mkono wake mwenyewe, akakifuta kwa ncha ya khanga, akakitumbukiza, akakitoa. Kilikuwa kikavu hadi karibu na ncha.

Ilitoka sita, ikaingia sita, haijavuja hata tone. Fundi alirudi nyuma hatua moja. Mama akashika mkono wa Baba, jambo ambalo sikuwahi kuliona.

"Sasa imenywewa na nani?" akauliza.

Nilijua kwamba nikinyamaza gari litaondoka, na sisi tutaondoka. Nilijua pia nikisema, watamchukua na kumpaka kwenye nguzo. Nilisimama hapo, nikahesabu mpaka sita, nikahesabu tena. Kisha nikasema zilikuwa nane.

Nilizileta kutoka kwenye majabali, nimezikumbatia. Mama Nkwimba alizipokea, akatoa gunzi moja, akanusa. Akaniuliza kwa nini. Nilimwambia ukweli: kwamba ni mzee, kwamba anafanana harufu na koti lake, na kwamba walitaka kumpaka kwenye uzio. Nilitegemea kofi kutoka upande wowote. Mjane alikaa chini, pale pale kwenye vumbi, chupa mapajani.

Baba akaniita pembeni. "Ulihesabu mara ngapi, mama?"

"Mara mbili."

"Na mara zote mbili ukanipa uongo ule ule." Alinitazama. "Ungefaa stoo." Nayo ikawa adhabu yangu yote, na ilitosha.

Chupa mbili za oili mpya ziliingia, injini ikinguruma, Mama Nkwimba akiwa ameshika kitambaa. Baba alipanda ule mlima wetu na Fundi ndani, akashuka, akapanda tena. Hakuna mayowe, hakuna kugonga. Aliposhuka mara ya pili alikuwa anajizuia kucheka mbele ya mjane. Mama aliliangalia gari, akamwangalia Mama Nkwimba, akasema basi, likae.

Baba akataka kumpeleka mgeni mpaka kivukoni. Mama Nkwimba akasema atashukuru, ila kwanza ana ombi. Akatuongoza mpaka barabara ya chini, ile tambarare inayofuatana na ziwa. Akamwambia Baba akae kwenye usukani, mimi kiti cha pembeni, aweke gia, kisha aondoe miguu yote miwili.

"Liache liende kama lilivyokwenda siku ile," alisema. "Mimi nilikuwa uani. Nililiona linakuja tangu mbali. Nikasema huyu naye leo ana mbwembwe, anakuja taratibu ili nimwone. Nikaingia ndani kuteka maji ya ugali."

Baba aliondoa miguu. Gari likaanza kutembea. Injini ilikuwa tulivu, karibu haisikiki, na mawimbi yalikuwa yanagonga mawe. Baba alikaa kimya, mikono mapajani, macho mbele, na nilipomwangalia hivyo, akisogea bila kufanya lolote, nilitamani apepese macho. Mama Nkwimba alikuwa anatembea upande wake, kiganja juu ya mlango. Hakuwa na haraka. Kandambili zake zilikuwa zinagonga visigino kwa mpigo ule ule wa mtu anayekwenda kisimani. Alitupita kidogo, akapunguza mwendo ili tumfikie. Tukaenda hivyo, sisi watatu, mwendo mrefu.

Kisha akashika kitasa, akafungua mlango wa dereva gari likiwa linatembea. Mlango ulifunguka kwa urahisi kabisa. Akaendelea kutembea, ameushikilia wazi, anamtazama Baba aliyekaa pale.

"Kumbe kumfikia hata kukimbia nisingehitaji," alisema.

Baba hakujua pa kutazama, wala hakukumbuka breki, na gari likaendelea kutembea.